Mwaka Nilipong'oa Malenge

Tulimzika Muthoni siku ya Jumanne, na kufikia Ijumaa viti vya kukodi vilikuwa bado vimejaa uani. Hapa Munyaka watu hawakuachi mapema ukifiwa. Wanakuja, wanakunywa chai, wanazungumza mambo ya mvua na karo, na hiyo ndiyo rambirambi yenyewe. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo hakuna anayeniuliza kitu. Ndani, binti yake Shiru, ambaye anauza dawa katika duka moja mjini, alikuwa anakata malenge huku akiwaeleza akina mama waliokuja kumsaidia. “Hii rangi ya chungwa ndiyo muhimu,” alisema. “Mwili unaichukua, unaigeuza vitamini A ya macho. Na ile inayobaki inafanya kazi ya antioksidanti.” Mama mmoja akamwambia, “Shiru, sisi tulisoma mpaka mlango wa shule tu. Sema pole pole.” Wakacheka kile kicheko cha matanga, cha kuzibwa kwa mkono. Shiru akafikiri kidogo. “Unajua vile bati hushika kutu? Mwili pia una kutu yake, ndani kwa ndani, kila siku. Sasa hii ni kama rangi unayopaka bati. Haizuii mvua kunyesha, lakini bati linadumu.” Akasema mbegu zisitupwe, zikaangwe. Majani nayo yasidharauliwe. Na vyote vipikwe kwa mafuta kidogo, maana bila mafuta mwili hauipokei ile rangi vizuri. Niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Hayo maneno ya mafuta niliyasikia mara ya kwanza zaidi ya miaka hamsini iliyopita, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kukaa darasani, na siku hiyo yalikuwa yameshachelewa kwa jicho moja.

Katika historia ya marehemu iliyosomwa kanisani, iliandikwa kwamba Muthoni, mtoto wa kwanza wa ndugu yangu, alipoteza jicho la kushoto akiwa na miaka mitano kwa sababu ya surua. Mimi ndiye niliyeulizwa, kwa kuwa ndiye mzee aliyebaki, na mimi ndiye niliyejibu hivyo. Si uongo. Surua ilikuwapo. Lakini nilipokuwa nimekaa pale kwenye benchi la mbele nikisikia sentensi ile fupi ikipita na msomaji akiendelea na mambo ya ndoa yake, nilijua kwamba nimeacha kitu nje, na nikaona nikiandike kabla mimi pia sijasomewa.

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya kampuni yetu, watu tuliochanga pesa pamoja, kununua shamba la mzungu, upande wa barabara ya kwenda Kaptagat. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sovea wa serikali alikuwa hajaja kupima, kwa hivyo hakuna aliyejua kwa hakika ardhi yake ni ipi, na kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kujenga. Familia saba tuliishi ndani ya nyumba moja ya mzungu. Ndugu yangu Kariuki, mke wake Wangari, Muthoni na mimi tulipewa nusu ya sebule, ile nusu yenye mahali pa kuotea moto. Nusu nyingine ilikuwa ya Mzee Gachoka na watu wake, na kati yetu kulikuwa na magunia yaliyoshonwa pamoja na kuning'inizwa kwa waya. Sakafu ilikuwa ya mbao, na mtu akigeuka kitandani kule, wewe huku unasikia. Bafu la mzungu, lile beseni kubwa jeupe lenye miguu, liliwekwa mahindi. Wanawake walipika kwa zamu kule sebuleni kwetu, penye bomba la moshi, na kila jioni chumba kilijaa watu wanaongojea sufuria moja baada ya nyingine. Chakula kilikuwa ugali mweupe na maharagwe, au ugali mweupe na chumvi. Hatukuwa na ng'ombe bado. Asubuhi ilikuwa uji wa unga ule ule. Tulikula hivyo mwaka mzima bila kunung'unika, kwa kuwa tulikuwa tunakula kwenye meza ya mzungu.

Malenge yalikuwepo, lakini hayakuwa yetu. Wafanyakazi wa zamani wa lile shamba, Wanandi waliokuwa wamehamia ng'ambo ya mto, walikuwa nayo mengi. Mzungu alikuwa akiwalisha ng'ombe wake yale yaliyozidi. Mwenyekiti wetu alikuwa na usemi wake, na kila aliporudia watu walipiga makofi: “Tulinunua shamba. Hatukununua chakula cha ng'ombe.” Ila sababu ya kweli ya kuyakataza ilikuwa nyingine, na haikuwa ya mzaha. Kamati iligawa mashamba ya muda kwa kamba ya katani na vigingi vya mti wa miwati, na kila mtu akapanda mahindi ndani ya vigingi vyake. Malenge hayajui kigingi. Yanatambaa, na kila penye kifundo yanaweza kutoa mizizi, na yakivuka yanazaa kwa jirani. Katika shamba lingine, lililonunuliwa kabla ya letu, mtu alikuwa amesema kwamba pale malenge yake yalipolala ndipo ardhi yake ilipofika. Wakakatana mapanga. Kwa hiyo kamati yetu ikapitisha: hakuna mmea wa kutambaa mpaka sovea aje. Ukionekana, unang'olewa, na jina linaandikwa.

Aliyeandika majina nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, mwandiko wangu ulikuwa safi, na sikuwa na shamba langu mwenyewe la kupendelea. Walinipa kitabu chenye jalada gumu jeusi, penseli na panga. Kila Ijumaa nilitembea mistari yote. Wazee walionizidi kwa miaka arobaini waliniita Karani, na nilipopita walisimamisha jembe. Sitaficha kwamba nilipenda sana jambo hilo. Mwezi wa tano nilikuta shina la malenge kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na watoto wanne. Alisema, “Mwanangu, ni moja tu, ni ya mboga.” Nikaling'oa mbele yake na kumwandika, na usiku nilipolala sikukosa usingizi hata dakika moja.

Muthoni alianza kujikwaa mwezi uliofuata. Mchana alikuwa mzima kabisa, anakimbia na wenzake kuzunguka nyumba. Jua likianza kuingia nyuma ya miti, anapunguza mwendo. Halafu anasimama. Anapapasa ukuta mpaka apate mlango. Watoto wa ile nyumba waligundua kabla yetu. Walikuwa wanamngojea saa kumi na mbili, wanampigia makofi na kuimba, “Kuku! Kuku! Ingia nyumba, kuku!” kwa sababu kuku haoni giza likiingia. Wangari alitoka na mwiko akawafukuza. Nilimsikia akimuuliza mtoto, “Unaniona?” na Muthoni akajibu, “Nakusikia, Mama.” Tangu hapo kila jioni Wangari alikuwa na zoezi lake. Alimketisha Muthoni kwenye kizingiti, anainua kitu, kijiko au kitana au kiatu, na kuuliza, “Hii ni nini?” Mtoto alikuwa anabahatisha. Akisema kijiko na kweli ni kijiko, Wangari alimpokonya tabasamu kwa kubadilisha upesi: “Na hii?” Mtoto ananyosha mkono kuipapasa. Nyuma ya magunia Mzee Gachoka aliguna na kumwambia mkewe, kwa sauti ya kutaka tusikie, “Mtoto wa mtu hawezi kulogwa bila mtu kukosea mtu.”

Wangari hakwenda kwa mganga. Alimbeba mgongoni mpaka Eldoret, mji ambao wazee walikuwa bado wanauita Sikisti-foo, na kurudi jioni. Nilimsikia akimweleza Kariuki. Muuguzi alimfunua mtoto kope, akauliza, “Anakula nini?” Wangari akasema ugali. “Na nini?” Na chumvi. Muuguzi akasema macho yana njaa. Ndivyo alivyosema, macho yana njaa. Ampe maini, mayai, maziwa, karoti, papai, na kama hivyo vyote hawezi, ampe malenge yale mekundu ndani, na majani yake. Afanye haraka, kwa kuwa mtoto mwenye macho ya namna hii akishikwa na surua, inaweza kuyamaliza. Kariuki akauliza, “Malenge?” kisha mbao za sakafu zikalia, na nikajua kwamba wote wawili wameangalia upande wangu. Nilikuwa nimelala nikiwapa mgongo. Kesho yake, akinipimia uji, Wangari aliuliza kana kwamba anauliza habari za mvua, “Karani, hiyo sheria ya malenge ni ya kila mtu?” Nikamwambia, “Ya kila mtu. Hata angekuwa mama yangu.” Akasema, “Sawa.” Hakuniuliza tena.

Baada ya wiki kadhaa chakula chetu kilibadilika. Siku moja mahindi na maharagwe yalipondwa pamoja na kitu cha kijani, laini, chenye utamu wa mbali. Nilikuwa nimekulia mukimo, chakula hicho cha kupondwa, nilijua hayo ni majani ya malenge. Wangari alikuwa amemenya nyuzi za mashina na kuyasugua majani mpaka yakalainika, na alikuwa amepika kidogo, kiasi cha mtoto, lakini kwa kuwa tulikula pamoja alinipa kijiko changu. Nikala. Nikasema, “Niongeze.” Akaniongeza bila kuinua macho. Hivyo nilijua kwa ulimi kabla sijajua kwa macho, na kila Ijumaa nilipofika shamba la Kariuki niliandika “safi” nikiwa nimesimama barabarani. Na Muthoni alikuwa anapata nafuu. Nakumbuka jioni alipotoka kizingitini akavuka uani peke yake, mikono imeshuka, akamgusa mama yake kiunoni. Wangari aligeuka. Aliziba mdomo kwa kanga.

Ijumaa moja mwenyekiti alisema atatembea nami. Mzee Gachoka akajiunga, na niliona usoni mwake kwamba ana kitu. Tulipofika shamba la Kariuki nikaanza kuandika nikiwa njiani. Gachoka akasema, “Karani, leo miguu imechoka? Kwa yule mjane uliingia mpaka katikati.” Tukaingia. Shina lilikuwa nyuma, kwenye samadi ya zamani, limefichwa katikati ya mahindi, na mkono wake mmoja ulikuwa umevuka kigingi kuingia kwa Gachoka hatua mbili hivi. Lilikuwa na maua ya manjano na matunda matatu, kila moja kama ngumi. Gachoka alisema, “Sasa tuone kama kitabu chako kinasoma na kwenu.” Mwenyekiti alinigeukia. Aliniangalia tu.

Ningeweza kusema, ni dawa ya mtoto. Maneno manne. Mwenyekiti alikuwa na wajukuu, na Gachoka mwenyewe alimsikia Muthoni akijikwaa kila jioni. Nimeyarudia maneno hayo manne shambani, kitandani, kanisani, na kila mara yanatoka kirahisi. Siku ile nilichoona ni kwamba nikisema, nitakuwa mtu mwenye sheria mbili, na wale wazee hawatasimamisha jembe tena. Niliinama nikashika shina kwenye shingo na kulivuta. Malenge hayana mzizi mkali. Yalitoka mara moja. Nikavikata vifundo vilivyokuwa vimeshika ardhi ya Gachoka, nikayapasua na matunda yale machanga ili yasiokotwe, kama nilivyofanya kwa mjane, na nikaandika jina la ndugu yangu. Mwenyekiti alinipiga bega. “Huyu kijana ni mtu,” alimwambia Gachoka.

Jioni ile Wangari alinipakulia kwanza, ugali na chumvi, na akaweka maji ya kunawa karibu yangu kama kawaida. Nilingoja matusi. Kariuki alikula akitazama ukuta. Muthoni aliuliza, “Mboga yangu?” Mama yake akamwambia, “Imekwisha.” “Nani amekula yote?” Wangari akasema, “Kula, mama, kula.” Hakuna aliyeniangalia, wala jioni ile wala zilizofuata, na nikagundua kwamba nyumba inaweza kuwa na watu wanne wakakaa wakingojea mmoja wao aondoke.

Surua iliingia ile nyumba mwezi wa tisa, kupitia chumba cha nyuma, na ikapita magunia yote. Watoto kumi na mmoja walilala. Wa Gachoka waliamka baada ya wiki moja. Muthoni naye vipele vilikauka, lakini macho hayakufunguka. Wangari alipoyaosha kwa maji ya vuguvugu na la kushoto likaachia, katikati palikuwa na weupe kama tone la maziwa. Walikwenda naye hospitali, akapewa dawa ya kutia na mafuta ya samaki ya kunywa, na daktari akasema la kushoto limekwenda. La kulia alisema bado, lakini naona aliwaambia kwa sauti ya kuwaandaa. Wangari aliporudi alinikuta uani. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile alisema nami. “Ndirangu,” aliniita kwa jina langu, “limebaki moja.”

Nilivuka mto mchana huo huo. Ng'ambo aliishi Mama Chebet, ambaye ndiye aliyempa Wangari zile mbegu alizozipanda kwa siri. Alikuwa amekaa nje akisafisha kibuyu cha maziwa kwa mkaa wa mti, na juu ya paa la ghala lake nyuma yake yalikuwa yamepangwa malenge makubwa ya kijivu. Nilisimama mbali nikamwamkia. Aliendelea kusugua. “Wewe ndio ule wa kitabu,” alisema. Nikasema ndio. “Hii shamba mimi nimelima kabla kamba yenu haijasokotwa. Leo wewe unakuja kwangu kufanya nini, kuandika?” Nikamwambia nimekuja kuomba malenge kwa sababu nimeng'oa ya Wangari, na mtoto amepoteza jicho. Nilisema hivyo hivyo, bila kuzungusha. Aliweka kibuyu chini. “Ulijua ni ya mtoto?” “Nilijua.” Akanitazama mpaka nikaangalia miguu yangu. Kisha akaniambia nipande juu nichague yaliyokaa zaidi, yale ambayo kucha haiingii ganda, maana hayo ndiyo mekundu ndani. Alinijazia kibuyu kidogo mtindi wenye mafuta. “Mwambie mama yake achanganye na hii. Malenge bila mafuta inapita tu kama maji. Na usiseme ni zawadi yako. Sema ni yangu.”

Nilirudi nayo manne ndani ya gunia, na nikapita mbele, verandani, palipokaa wazee. Nilimwambia Wangari ni ya Mama Chebet. Aliyapika siku hiyo na kila siku, yakiwa yamepondwa, na mtindi juu yake, na mafuta ya samaki asubuhi. Sitasema malenge ndiyo yaliyoponya, kwa sababu hospitali ilifanya kazi yake na mimi si daktari. Nasema tu kwamba gunia lilipokwisha nilivuka tena, na tena, na Mama Chebet hakuniambia nikae hata mara moja. Na kila jioni kizingitini Wangari aliinua kijiko mbele ya lile jicho moja, na Muthoni akasema, “Sijui.”

Baadaye kidogo nilisimama kwenye mkutano wa kampuni. Niliomba sheria ilegezwe, watu waruhusiwe kupanda malenge kwenye boma la zamani la ng'ombe, ambalo halikuwa la mtu. Nilieleza habari za macho. Nilidhani watapinga, lakini wanawake waliunga mkono kwa sauti moja na mwenyekiti akakubali kabla sijamaliza. Kisha yule mjane akasimama. “Mimi nina swali dogo,” alisema. “Wangu wanne, macho yao yalikuwa ya mbao?” Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliondoa miwani akasema, “Karani, lete kitabu.” Nilidhani anataka kuandikisha azimio. Alikichukua akampa Gachoka, na panga pia, mbele ya watu wote, na akasema kampuni itatafuta kijana mwingine mwenye mwandiko. Watoto walikuwa madirishani. Mmoja akaita, “Karani wa malenge!” na hapo ndipo watu wakacheka.

Nikaingia sebuleni kwetu nikakaa sakafuni. Jua lilikuwa limezama nyuma ya miti na chumba kilikuwa cha rangi ya majivu. Watu wote walikuwa bado mkutanoni, isipokuwa Muthoni, aliyekuwa kitandani upande wa pili amefunikwa shuka. Nililia. Wangari na Kariuki, mpaka wanaingia kaburini, waliamini kwamba jioni ile nilikuwa namlilia mtoto, na kwa ajili ya hayo machozi walinisamehe. Niliwaacha waamini. Nilikuwa nalilia kitabu. Nililia kwa kuchekwa, na kwa sababu kesho yake nitapita na hakuna atakayesimamisha jembe.

“Baba mdogo,” Muthoni alisema, “mbona uso wako una maji?”

Sikuelewa nilichoambiwa. Nilijifuta kwa mkono wa shati na kusema jambo la kwanza lililonijia. “Ni moshi.”

Wangari alikuwa amefika mlangoni na kuni kifuani. Muthoni aligeuza kichwa pole pole kuelekea pale pa kuotea moto, akapaangalia, kisha akanirudia mimi.

“Lakini moto haujawashwa,” alisema.